Kamusi za Kiingereza na Kihispania: nimezipima kwa neno moja tu, "profligacy"

Naanza na hukumu kabisa halafu maelezo yafuate. Ukitaka kamusi ya bure ya kukutoa Kiingereza kwenda Kihispania, WordReference ndo ya kuanzia kazi, kamusi ya Real Academia Española, chombo rasmi cha lugha ya Kihispania, ndo ya kumalizia, na zile app za kutafsiri ambazo unaandika neno zinakurudishia neno moja bila hata kukuuliza unaongelea nini, hizo kwenye neno zito ziweke pembeni. Nimefika hapo kwa kuzipima zote na neno moja la Kiingereza, "profligacy", na nimelichagua makusudi maana mbele ya neno hili kamusi dhaifu haina pa kujificha. Ukiipima kamusi kwa neno kama meza au mvua zote zitafaulu, utajuaje sasa ipi nzuri.

Sasa profligacy ni nini. Ukimuuliza mtu harakaharaka atakwambia ni ufujaji, matumizi ya hovyo, israfu, na yuko sahihi, hiyo ndo maana utakayokutana nayo zaidi siku hizi, hasa kwenye habari za uchumi, serikali fulani imelaumiwa kwa matumizi yasiyo na hesabu, kampuni fulani imemwaga pesa bila mpango. Lakini neno lina maana ya pili ambayo ni ya maadili, maisha ya ufuska, ulevi na uzinzi, mtu aliyejiachia kabisa hana breki. Alafu kuna matumizi ya tatu ambayo ukisoma kurasa za michezo za magazeti ya Uingereza utayakuta mara kwa mara: timu imetengeneza nafasi kibao, washambuliaji wako na kipa uso kwa uso, mpira unaenda nje, mwandishi anaandika kwamba wameadhibiwa kwa profligacy yao mbele ya goli. Hapo hakuna hela wala ufuska, ni nafasi zimetapanywa.

Na mpangilio wa kihistoria umekaa kinyume na unavyodhani. Asili yake ni Kilatini, profligare, kupiga mpaka chini, kuangamiza, na ndani yake kuna kitenzi fligere, kupiga, ambacho Kihispania wamebaki nacho kwenye conflicto, afligir na infligir. Kiingereza kilipolichukua "profligate" karne ya 16 lilikuwa bado karibu na kuangushwa na kushindwa, karne ya 17 likawa mtu aliyeanguka kimaadili, na ni karne ya 18 ndo likaanza kubeba mambo ya pesa. Yani maana ya hela ambayo leo ndo ya kwanza kichwani mwa kila mtu, ndo iliyochelewa kufika. Hii si elimu ya kujipamba, ina kazi yake, kwa sababu ukisoma maandishi ya Kiingereza ya zamani ukakuta bwana mmoja ameitwa profligate, usikimbilie kumwandikia kwamba alikuwa anafuja mali, kuna uwezekano mkubwa mwandishi anasema alikuwa fasiki, hata kama alikuwa hana senti ya kufuja.

Kihispania hakina neno moja linalobeba yote matatu. Kwa pesa na rasilimali utatumia despilfarro, derroche, dispendio, wakati mwingine prodigalidad. Kwa maadili utaenda libertinaje, disipación, desenfreno. Kwa mpira, vitu vingine kabisa. Kwahiyo kamusi ambayo haijakutenganishia hizi njia haijakusaidia chochote, imekupa kura ya bahati nasibu.

Sasa ile app. Jina lake sitalitaja, ni moja kati ya zile za bure ambazo watu wengi wanazo kwenye simu, unaandika sentensi inakupa sentensi. Niliipa sentensi fupi ya Kiingereza inayosema serikali ilikosolewa kwa profligacy ya kibajeti, ikanipa "libertinaje fiscal". Hebu jiweke kwenye nafasi ya Mhispania anayesoma hiyo, libertinaje kwake ni mambo ya mwili na tabia, kwahiyo anasoma bajeti ya serikali imepatwa na uasherati. Nikageuza, nikaipa sentensi ya mtu aliyemaliza ujana wake kwenye pombe na profligacy, hapo ikaleta "despilfarro", pombe na ufujaji wa fedha, ile maana ya pili ikafutika kabisa kana kwamba haikuwepo. Na nilipoandika neno peke yake bila sentensi, ikaniletea "profligacia". Neno hilo kwenye kamusi ya Academia halimo. Limeundwa tu kwa kuchukua mkia wa Kiingereza na kuubadilisha kuwa mkia wa Kihispania, na linasikika vizuri, ndo ubaya wake, mwanafunzi anaandika kwenye insha kwa kujiamini.

Kinachoniudhi zaidi kwenye hiyo app sio kwamba inakosea, kila chombo kinakosea, ni kwamba haionyeshi dalili yoyote ya kusita. Jibu sahihi na jibu bovu vinakuja na sura ileile, herufi zilezile, hakuna alama kwamba hili neno lina njia zaidi ya moja, hebu chagua. Mtu anayejua Kihispania kidogo hana namna ya kujua kwamba amepotezwa. Hapo naipa nyota moja kati ya tano na hiyo moja ni kwa sababu kwenye sentensi za kawaida za salamu na maelekezo ya njia inafanya kazi yake vizuri.

WordReference ni habari nyingine. Ilianzishwa 1999 na Michael Kellogg, ni ya zamani kwa vipimo vya intaneti na sura yake haijawahi kuwa ya kuvutia, imejaa jedwali na vifupisho, lakini lile jedwali ndo thamani yenyewe. Kila maana imekaa kwenye mstari wake, pembeni kuna maelezo mafupi ya Kiingereza yanayokwambia maana ipi inaongelewa, halafu ndo Kihispania chake, na mara nyingi chini kuna sentensi ya mfano na tafsiri yake. Kwahiyo kabla hujachukua neno unalazimika kuchagua maana, na huko kulazimika ndo kunakookoa. Halafu wanakuwekea pia kamusi ya Collins kwenye ukurasa wao, unaweza kulinganisha mbili bila kutoka hapohapo, na hiyo kwa mtu wa kutafsiri ni raha kubwa. Ushauri wangu mmoja tu, soma yale maelezo ya pembeni, watu wengi wanaruka moja kwa moja kwenye neno la kwanza la Kihispania wanaondoka nalo, alafu wanailaumu kamusi.

Ila hata WordReference, na kamusi yoyote ya lugha mbili, inakufikisha mlangoni tu. Inakwambia despilfarro na derroche, haikwambii sana tofauti yao, na tofauti ipo kubwa. Hapo ndo naingia kwenye kamusi ya Academia, ile inayoitwa DLE, ambayo iko mtandaoni bure kabisa. Academia yenyewe imeanzishwa 1713, kamusi yao ya kwanza ilitoka juzuu sita kati ya 1726 na 1739, toleo la 23 likatoka 2014, na siku hizi haiandaliwi na Wahispania peke yao, ni akademia zote za nchi zinazoongea Kihispania, ikiwemo ya Guinea ya Ikweta hapa Afrika, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Ni Kihispania kwa Kihispania, hamna Kiingereza humo, na anayeanza atapata shida kidogo maana maelezo yao ni mafupi na makavu. Lakini vumilia, wameshaweka hadi visawe na vinyume chini ya maneno, ukishazoea huwezi kuiacha.

Angalia derroche kule. Maana ya kwanza ni kitendo cha kufuja, sawa, lakini ya pili ni wingi, kufurika kwa kitu kizuri. Ndo maana Mhispania anasema "un derroche de imaginación", "un derroche de energía", na hapo anasifia, msanii kamwaga ubunifu mpaka umefurika. Jaribu kuweka despilfarro hapo uone, sifa inageuka lawama, unaambiwa ubunifu umepotea bure. Despilfarro ni lawama siku zote, na ni neno linalopenda sana kukaa jirani na fedha za umma, maji, umeme, dawa zilizoisha muda. Dispendio ni rasmi zaidi, gharama kubwa isiyo ya lazima, utaikuta kwenye ripoti na tahariri. Malgastar ni kitenzi cha kila siku, kutumia vibaya, hakina makelele. Dilapidar ni kizito, mtu kamaliza urithi wote, na asili yake Kilatini ina jiwe ndani, lapis, kutawanya kama mawe.

Hapo kwenye kutawanya naomba tukae kidogo maana kamusi zote nilizopima hakuna iliyosema hili na mimi naona ndo ufunguo. Ubadhirifu wetu umetoka Kiarabu, tabdhiri, na mzizi wake ni kumwaga mbegu. Kutapanya kwa Kiswahili ni kusambaza ovyo huku na kule. Dilapidar ni mawe. Lugha zote hizi zinamwona mfujaji kama mtu anayetupatupa vitu. Profligacy haiko kwenye ukoo huo, yenyewe picha yake ni mtu aliyepigwa akaanguka, inamtazama mtu mwenyewe kuliko mali yake. Ndo maana inaweza kubeba ufuska na ndo maana despilfarro haiwezi, despilfarro inaangalia kile kilichopotea, profligacy inaangalia nani kapotea.

Na kuna sehemu moja ambayo maana zote mbili zimekaa kwenye mstari mmoja, Luka 15:13, yule kijana aliyeomba urithi wake mapema. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "akatapanya mali yake huko kwa maisha ya uasherati". Ya Kihispania, Reina-Valera ya 1960, inasema "desperdició sus bienes viviendo perdidamente". Ona kilichotokea, mali imetapanywa ni kitu kimoja, maisha yenyewe ni kitu kingine, na Kigiriki chake cha pale mwanzo kina neno asotos ambalo linachukua vyote viwili, mtu asiyebakiza kitu na mtu asiye na mwenendo, sawasawa kabisa na profligate. Kiswahili kimechukua upande wa mwili kikasema uasherati, Kihispania kimechukua upande wa kupotea kikasema perdidamente, wote wamelazimika kuchagua kwa sababu hakuna neno moja la kubeba mzigo wote.

Alafu kisa chenyewe kwa Kihispania kinaitwa hijo pródigo, Kiingereza prodigal son, na sisi tumesema mwana mpotevu. Sisi tumemtaja kwa kupotea kwake, wao wamemtaja kwa ufujaji wake, maana prodigal na pródigo ni mfujaji, mtu mwenye mkono usiofumba. Kwahiyo msomaji wa Kiswahili akikutana na "prodigal" kwenye Kiingereza anawaza mtu aliyeondoka akarudi, na hata Waingereza wenyewe wengi siku hizi wanalitumia hivyo, mchezaji aliyerudi timu yake ya zamani anaitwa prodigal wakati hajafuja hata shilingi. Kamusi nzuri lazima ikuonye hapo. Na ikuonye pia kwamba pródigo ina uso mzuri, "pródigo en elogios" ni mtu anayemwaga sifa kwa wenzake bila choyo.

Pródigo ilikuwa hadi ya kisheria. Kanuni ya madai ya Hispania ya 1889 ilikuwa na kipengele cha mtu kutangazwa na mahakama kuwa pródigo, yani anafuja mali kiasi cha kuhatarisha familia inayomtegemea, anawekewa msimamizi. Jambo hilo lilitoka tangu sheria za Roma. Sheria namba 8 ya 2021 ndo iliondoa utaratibu huo. Sasa ukitafsiri hukumu ya zamani ya mahakama ya Hispania ukakuta prodigalidad, usiandike tu ukarimu uliopitiliza wala anasa, hapo ni hali ya kisheria, na kwenye kazi ya namna hiyo hakuna app itakayokwambia. Kamusi ya Academia inaweka alama ya sheria kwenye maneno kama hayo, kifupisho kidogo tu cha herufi tatu, Der., macho yazoee kukitafuta.

Mtego mkubwa kuliko yote upo kwenye neno jirani, "extravagance". Kiingereza, extravagance ni matumizi ya kupitiliza, mtu kanunua kitu cha gharama ambacho hakukihitaji. Kihispania kina extravagancia, sura moja kabisa, na maana yake ni vituko, jambo la ajabu lililotoka nje ya kawaida. Mtu extravagante kwa Kihispania ni yule anayevaa na kutenda tofauti na watu, anaweza kuwa bahili wa kutupwa. Yote mawili yametoka Kilatini, kuzurura nje ya njia, Kihispania kikabaki na kutoka nje ya kawaida, Kiingereza kikaipeleka mpaka kwenye pochi. Ukitaka kusema Kihispania kwamba saa ile ilikuwa extravagance kwangu, sema lujo au capricho, au kama unalaumu sema derroche. Hapa naipa WordReference heshima yake maana ule mpangilio wa maana moja kwa mstari mmoja ndo unaomzuia mtu asijichukulie extravagancia kwa kufanana sura tu.

Na kinyume chake kina mtego uleule. Adam Smith, yule mwanauchumi, mwaka 1776 alipoandika kuhusu mtaji alikuwa anaweka prodigality upande mmoja na parsimony upande wa pili, ufujaji na kubana matumizi. Parsimonia ipo Kihispania, na maana ya kubana matumizi bado imo kwenye kamusi, lakini Mhispania wa leo ukimwambia fulani anafanya kazi con parsimonia anaelewa anafanya polepole, taratibu, bila haraka. Tafsiri hiyo ya moja kwa moja kwenye makala ya uchumi inakuletea nchi iliyoendelea kwa sababu watu wake walikuwa wanakwenda taratibu. Weka austeridad, frugalidad, ahorro kutegemea na sentensi.

Kwa mtu anayetaka zaidi ya hapo kuna kazi ya María Moliner, mkutubi wa Hispania aliyetengeneza kamusi yake ya matumizi ya Kihispania akiwa nyumbani kwa miaka mingi, ikatoka 1966 na 1967. Hiyo si ya bure, lakini kwa maneno ya ukoo mmoja kama haya sijaona mfano wake, unafungua neno la kufuja unakuta ndugu zake wote wamekusanywa pamoja, vitenzi, majina ya watu wa tabia hiyo, misemo, na kinyume chake. Kama unatafsiri kwa ajira, hiyo nunua. Kama unajifunza tu, DLE inatosha.

Misemo ndo sehemu ambayo kamusi nyingi za simu zinaanguka vibaya. Mfujaji kwa Kihispania anaitwa manirroto, mwenye mkono uliovunjika au kutoboka, hela haikai. Halafu wana "tirar la casa por la ventana", kuitupa nyumba kupitia dirishani, na hii wala si lawama, ni mtu kafanya sherehe kubwa kamwaga kila kitu kwa furaha, harusi, mahafali, mtoto wa kwanza. Wahispania wanapenda kusimulia kwamba imetokana na bahati nasibu ya mfalme Carlos III iliyoanza 1763, eti walioshinda walitupa vitu vya zamani nje kwa dirisha. Iwe ndiyo ama hapana, cha kukumbuka ni kwamba huwezi kuitumia kwa waziri aliyefuja fedha za barabara, itasikika kama unamshangilia. Upande wa Amerika, Colombia na Venezuela kwa mfano, utasikia botar badala ya tirar, na hela kule kwa Argentina au Colombia ni plata, kwahiyo kutupa hela ni tirar la plata au botar la plata kutegemea uko na nani.

Chakula nacho kina njia yake. Ukiongelea chakula kinachotupwa, neno lililokaa kwenye sheria na kampeni ni desperdicio, ndo hata Hispania sheria yao namba 1 ya 2025 inasema desperdicio alimentario. Despilfarro utaeleweka, ila waandishi wenye umakini wanakwenda na desperdicio.

Turudi kwenye mpira sasa, maana hiki ndo kipimo ambacho karibu kila kitu kilifeli. Ukiandika despilfarro kwa straika aliyekosa magoli, Mhispania atakuelewa, lakini watangazaji wao wanasema timu imesamehe. Perdonar. "Perdonó dos veces", kasamehe mara mbili, yani alikuwa na nafasi mbili za kumaliza mchezo akamwacha mpinzani aishi. Na wana usemi kabisa, "el que perdona, paga", anayesamehe hulipa. Waandishi wa magazeti wataweka falta de puntería, kukosa shabaha, au desperdiciar ocasiones, kupoteza nafasi. Ona walivyotofautiana, Mwingereza anamwona straika kama mfujaji wa mali, Mhispania anamwona kama mtu mwenye huruma mahali pasipotakiwa huruma. Sasa hiyo app inaenda kujulia wapi kama haijauliza sentensi inatoka ukurasa upi wa gazeti. Kwa wale mnaotafsiri habari za La Liga hili peke yake linawatosha kuacha kunakili neno la kwanza mnaloletewa.

Kuna aina nyingine ya zana ambayo inakuonyesha sentensi mbilimbili, Kiingereza kushoto na Kihispania kulia, zilizochotwa kwenye nyaraka zilizokwisha kutafsiriwa. Nazipenda kwa kiasi. Uzuri wake unaona neno likiwa kazini, ubaya wake nyaraka nyingi zinazopatikana kwa lugha mbili ni za taasisi, mabunge, benki, kwahiyo maana ya bajeti inajaa skrini nzima na ile ya ufuska unaitafuta kwa tochi. Ni nyota tatu, na usizitumie peke yake.

Badala yake mimi napendekeza CORPES XXI, hifadhi ya maandishi ya Academia, iko wazi kwa yeyote, imekusanya Kihispania cha kuanzia 2001 kutoka nchi zote. Unaweka despilfarro unaangalia inatembea na nani. Ukifanya hivyo na derroche pembeni, ndani ya dakika chache unajionea mwenyewe yale niliyoandika hapo juu kuhusu sifa na lawama, huhitaji kuniamini mimi. Kuizoea kunachukua muda kidogo, ile fomu ya kutafutia ina vidirisha vingi na kwenye simu inabana sana, tumia kompyuta.

Na kwa upande wetu wa Kiswahili pia kuwa makini, maana wengi tunapita Kiingereza kwenda Kihispania tukiwa na Kiswahili kichwani. Ubadhirifu kwenye vyombo vya habari vyetu umeshasogea mpaka umekaribiana na wizi wa fedha za umma. Profligacy si wizi. Waziri anaweza kuwa profligate bila kuiba hata senti, katumia tu vibaya. Ukiweka ubadhirifu msomaji anasubiri kesi mahakamani, na ukitoka hapo kwenda Kihispania utajikuta umeandika malversación, ambayo ni kosa la jinai, na umemtuhumu mtu jambo ambalo mwandishi wa mwanzo hakulisema. Kwa ile maana ya pesa napendelea ufujaji au matumizi ya hovyo, na kwa ile ya maadili ufuska au ufasiki, na nikikuta mwandishi amekusudia zote mbili kwa pamoja naandika maneno mawili, sioni aibu, Kihispania nako nafanya hivyohivyo, derroche y libertinaje, sentensi inarefuka lakini hakuna kilichodondoka njiani.

Wanaofanya Kihispania cha Amerika zaidi kuliko cha Hispania waongeze Diccionario de americanismos ya 2010, ya zile akademia zote kwa pamoja, nayo ipo bure mtandaoni na kila neno limewekewa nchi linapotumika, kwahiyo kabla hujaandika botar la plata kwa msomaji fulani unaangalia kwanza kama nchi yake imo kwenye ile orodha ya vifupisho.